Mtundakula wa kupanda nyumbani: tathmini ya mche na huduma ya kitalu kimoja cha Tegeta

Mkazi wa Dar es Salaam anayetaka mti wa plamu nyumbani kwake huwa katika hatari ya kuuziwa mti usiofaa. Plamu tunazonunua Mombo, zile ambazo wachuuzi huzikimbiza hadi kwenye madirisha ya mabasi, hutoka Lushoto na vijiji vingine vya milima ya Usambara, ambako baridi ya Juni na Julai huupumzisha mti na kuuandaa kuchanua. Mti huohuo ukipandwa Mbezi au Kigamboni huota majani, hurefuka, na mwenye nyumba husubiri maua ambayo joto la pwani haliyaruhusu. Hata hivyo miche yake inauzwa mjini, na wauzaji wengi hawamwambii mnunuzi jambo hili. Kwa sababu hiyo nimeona niandike kwa kirefu kidogo kuhusu kitalu kimoja kilicho kando ya Barabara ya Bagamoyo, upande wa Tegeta, ambacho kinauza plamu mwitu ya pwani yenyewe, na kinaiuza kwa namna ambayo sijaiona kwingine.

Mti wenyewe ni mtundakula, ambao wataalamu wa mimea huuita Ximenia americana, jina lililochapishwa na mwanasayansi wa Uswidi, Linnaeus, mwaka 1753. Ingawa jina hilo linataja Amerika, mti huu ni wa kwetu pia: huota wenyewe katika vichaka vya pwani, kwenye udongo wa kichanga, na huonekana hadi bara katika nyika kavu. Unaye ndugu mwenye matunda mekundu, Ximenia caffra, ambao Wanyamwezi huuita mnembwa. Mtundakula haukui ukawa mti mkubwa. Mara nyingi hubaki kichaka au mti mdogo wa mita 3 hadi 5, wenye miiba iliyonyooka, majani ya kijani kilichofifia na maua madogo meupe yenye harufu nzuri. Tunda lake, lenye kipenyo cha takribani sentimita 3, hugeuka kutoka kijani kuwa manjano au rangi ya machungwa linapoiva, na ndani yake kuna mbegu moja tu. Kwa ua wa nyumba ya mjini kimo hicho ni faida kubwa. Wapo wanaopenda kupanda mzambarau kwa ajili ya ladha inayokaribiana na hii, lakini mzambarau ni mti wa shamba au wa uwanja wa shule, na ukishakomaa hauna adabu na paa wala ukuta wa jirani.

Bei ya mche wa mtundakula katika kitalu hiki ni shilingi 6,000, wakati miche mingi ya matunda isiyobebeshwa (yaani isiyounganishwa na shina la mti mwingine) pembeni yake inauzwa kwa nusu ya bei hiyo. Mnunuzi anayepita haraka ataona kwamba ameonewa, hasa akitazama kiriba, yaani mfuko wa udongo uliooteshewa mche, na kukuta kwamba mche wenyewe una urefu usiozidi dhiraa moja na kwamba ndani ya kiriba hichohicho kuna mmea mwingine umesimama karibu yake, kama vile palizi imesahauliwa. Mmea huo wa pili ni mbaazi, na umepandwa kwa makusudi. Thamani yote ya huduma ya kitalu hiki imo katika mbaazi hiyo.

Mtundakula ni mmea nusu-kimelea. Una majani ya kijani na hujitengenezea chakula chake kwa jua kama miti mingine, lakini mizizi yake ina tabia ya kuitafuta mizizi ya mimea ya jirani, kujishikiza juu yake na kuvuta humo maji na madini. Hauchagui sana jirani. Hujishikiza kwenye nyasi, vichaka na miti ya aina nyingi. Unaweza kuota na kuishi kwa muda bila jirani yeyote, na hapa ndipo wanunuzi wengi hudanganyika, kwa kuwa mche uliokuzwa peke yake kitaluni huonekana mzima siku ya kununuliwa. Baada ya kupandwa katikati ya ua uliofagiwa na kusakafiwa, pasipo mmea mwingine karibu, hudumaa, majani hupauka, na mwenye nyumba huongeza maji na samadi akidhani kwamba mti una kiu au njaa ya kawaida.

Mama anayesimamia kitalu anaifahamu tabia hii vizuri na haoni uvivu kuieleza. Nilipouliza sababu ya mbaazi, alichukua kiriba kilichokuwa na mche uliovunjika shina, akakipasua kwa wembe kutoka juu hadi chini, akautikisa udongo taratibu na kuisuuza mizizi katika ndoo. Mizizi ya mbaazi ilitambulikana kwa vifundo vyake vya duara, vile vinavyohifadhi bakteria wa naitrojeni. Mizizi ya mtundakula ilikuwa na rangi iliyokolea zaidi, na pale ilipokutana na ile ya mbaazi kulikuwa na vinyonyeo vidogo vilivyobanwa bapa dhidi ya gome, vigumu kiasi kwamba alipovuta mzizi mmoja, ule wa pili ulikuja nao.

“Shikamoo, Mama, sasa mbaazi ikifa?” aliuliza kijana mmoja aliyekuwa amesimama nasi.

“Marahaba, mwanangu. Mbaazi haina umri mrefu, miaka michache tu inakwisha. Kabla haijaisha, wewe uwe umeshampandia mwenzake mwingine wa kudumu. Usingoje uione inakauka.”

Maelezo hayo yanalingana na yale yanayojulikana kuhusu mimea ya kundi hili, na yametolewa kwa lugha ambayo mtu yeyote anaweza kuifanyia kazi. Kitalu pia kinampa mnunuzi karatasi moja iliyochapwa pande mbili, yenye maelekezo ya kupanda. Nimeisoma kwa makini na kuilinganisha na hali ya mche wangu uliopo ardhini, na kwa sehemu kubwa naiafiki.

Kuhusu mahali pa kupanda, karatasi inashauri jua la kutosha na udongo usiotuamisha maji, na inatahadharisha kwamba maeneo ya bondeni ambayo hujaa maji wakati wa masika hayafai. Ushauri huu ni sahihi, na ni muhimu zaidi kuliko ule wa mbolea, kwa kuwa mtundakula umezoea udongo maskini wa kichanga na hauhitaji kubembelezwa kwa samadi nyingi. Shimo la sentimita 60 kila upande linatosha, na udongo wa juu uliochimbuliwa hurudishwa kwanza ukiwa umechanganywa na mboji kidogo iliyooza vizuri. Kiriba kichanwe na kuondolewa bila kuuvunja udongo ulioshikana na mizizi. Katika mimea mingine, kuutikisa udongo kidogo si jambo kubwa. Hapa ni kuvitenganisha vinyonyeo na mizizi ya mwenyeji, yaani mmea unaonyonywa, na mche ulazimike kuanza upya. Mbaazi hupandwa pamoja na mche, katika shimo hilohilo, na hukatwa ncha kila inapotaka kuuzidi mtundakula kwa kivuli.

Wapi pa kupata mwenyeji wa kudumu ni swali ambalo karatasi inalipitia haraka kuliko inavyostahili. Inasema tu kwamba mche upandwe karibu na mti mwingine. Mimi ningeongeza kwamba ukingo wa ua wenye vichaka vilivyokwisha kujijenga ndio mahali pazuri kuliko pote, kwa sababu mizizi ya vichaka hivyo imeshatapakaa na mtundakula utaikuta bila kuhangaika. Kuuweka hatua mbili tatu kutoka kwenye mche mchanga wa mchungwa au wa mpera ambao familia inautegemea si busara, kwani mti mchanga hauna akiba ya kugawana na jirani anayevuta. Mti uliokomaa unaweza kuvumilia. Kwa sababu hiyohiyo, mtu anayetaka kuuotesha kwenye chungu barazani anapaswa kuukubali pamoja na mmea mwingine ndani ya chungu hicho, au aache.

Kumwagilia ndiko kunakowachanganya watu. Mche unahitaji maji ya mara kwa mara katika msimu wake wa kwanza wa kiangazi, yaani kuanzia Juni hadi vuli inapoanza Oktoba au Novemba, na wakati huo ni vyema kumwaga maji mengi kwa siku chache za wiki kuliko kunyunyiza kidogo kila jioni, ili mizizi ishuke. Matandazo ya majani makavu kuzunguka shina huhifadhi unyevu, mradi yasiguse shina lenyewe, kwa kuwa mchwa wa Dar es Salaam hawahitaji kukaribishwa mara mbili. Ukishajishika, mtundakula ni miongoni mwa miti michache ya matunda ambayo haimsumbui mwenye nyumba wakati wa ukame. Majani yake yanaweza kupungua kiangazi kikiwa kikali. Hilo pekee si dalili ya ugonjwa.

Kupogoa kunahitajika kidogo tu, lakini kufanywe mapema. Mti huu huchipua kutoka chini na hupenda kuwa kichaka chenye matawi yanayoingiliana, na miiba yake inamfanya anayechuma matunda ajutie uzembe wa miaka iliyotangulia. Ni vizuri kuchagua mashina mawili au matatu yenye nguvu, kuondoa machipukizi mengine ya chini, na kuyainua matawi ya pembeni hadi kimo ambacho mtoto hapitishi uso wake. Kwa upande mwingine, mtu anayetaka uzio anaweza kuyaacha machipukizi yote yakue, na atapata ukuta ambao mbuzi watakula majani yake ya nje lakini mwizi hataupenda. Huwa naona pia viwavi kwenye majani machanga. Baadhi yao ni wa vipepeo wadogo wanaoutegemea mti huu, na sioni haja ya kuwapulizia dawa, kwani mti wenye afya huyarudisha majani hayo bila shida.

Sasa nije kwenye kasoro za kitalu, ambazo si ndogo. Ya kwanza ni kwamba baadhi ya miche imekaa muda mrefu mno katika viriba. Mtundakula hushusha mzizi mkuu mapema, na katika kiriba kifupi mzizi huo ukifika chini hujikunja na kuanza kuzunguka. Mche wa namna hiyo unavutia macho kwa sababu ni mrefu, na muuzaji huutoza zaidi, lakini mzizi uliojikunja haunyooki tena ukiwa ardhini, na mti wake huwa dhaifu wakati wa upepo na wakati wa kiangazi. Nilipendekeza nipewe mche mfupi, na msaidizi alishangaa. Ilibidi Mama mwenyewe aje kumwambia anipe. Mnunuzi asiyejua angeondoka na mche mrefu na mbaya kwa bei kubwa zaidi. Kitalu kinachojua kuunganisha mtundakula na mbaazi kinashindwaje kubadilisha viriba kwa wakati? Hili linanikera kwa sababu dawa yake ni rahisi.

Kasoro ya pili ni mchanganyiko wa miche. Katika tuta la mtundakula nilikuta mche wa mchongoma, na haukuwa na lebo yoyote. Mchongoma ni mti mzuri wa matunda na wa uzio, nao pia una miiba na matunda yenye uchachu, kwa hiyo kosa hili linaeleweka, lakini anayelipia mtundakula anastahili mtundakula. Njia ya kutofautisha miche ni kutazama jani. Jani la mchongoma lina ukingo wenye meno madogo, hasa kuelekea nchani, wakati la mtundakula lina ukingo laini usio na meno, na mara nyingi limejikunja kidogo katikati, kufuata mshipa mkuu, likaonekana kama limeanza kufungwa. Ukilifikicha jani la mtundakula hutoa harufu ya lozi chungu. Miti ikishazaa hakuna tena shaka: tunda la mchongoma lina mbegu kadhaa ndogo, la mtundakula lina mbegu moja kubwa.

Harufu hiyo ya lozi inaleta jambo la usalama ambalo karatasi ya kitalu haikuligusa kabisa, na ambalo ningependa liandikwe kwa herufi kubwa. Majani ya mtundakula yana viambata vinavyoweza kutoa sianidi, na kiini cha mbegu kikiliwa kwa wingi husababisha kuharisha. Nyama ya tunda lililoiva ni salama na imeliwa kwa vizazi vingi. Watoto wafundishwe kutema mbegu bila kuivunja kwa meno. Nyumba yenye watoto wadogo inaweza kabisa kuwa na mti huu, kama inavyoweza kuwa na mihogo shambani, lakini wazazi wajue.

Kuhusu ladha, niliyaonja matunda ya mti mama uliopo nyuma ya kitalu, kwa kuwa mti wangu bado haujafikia umri wa kuzaa na haungestahili kuharakishwa. Tunda lenye rangi ya manjano lakini bado gumu ni chachu kiasi cha kukunja uso, na ganda lake lina ukakasi. Lile lililoiva hadi kulegea, ambalo mtu angelidhani limeanza kuharibika, ndilo tamu: nyama yake ni chache na yenye maji, uchachu umebaki kidogo, na baada ya kumeza kinywani huja ile harufu ya lozi. Anayetarajia utamu wa plamu ya Lushoto atasikitika. Anayependa ukwaju, ubuyu na embe bichi kwa chumvi atakuwa amefika nyumbani. Kwa juisi, matunda hupondwa kwa mkono katika maji, mbegu zikaondolewa zikiwa nzima, kisha sukari ikaongezwa. Mashine ya kusagia isitumike kabla mbegu hazijatoka. Jamu yake pia huganda vizuri ikipikwa kwa moto mdogo.

Mbegu zenyewe zina mafuta mengi, zaidi ya nusu ya uzito wa kiini, na katika sehemu nyingi za Afrika mafuta hayo yametumika tangu zamani kulainishia ngozi na nywele. Kaskazini mwa Namibia wanawake hukusanya mbegu za jamii hii ya miti kwa ajili ya kukamua mafuta yanayouzwa kwa watengenezaji wa vipodozi. Kwa mti mmoja wa uani hakuna biashara ya mafuta hapo, na kitalu hakikuniahidi hivyo, jambo ambalo ninalithamini katika mji ambao kila mche siku hizi huuzwa pamoja na ahadi ya utajiri.

Niliuliza pia mbegu zinatoka wapi, kwa sababu nisingependa kununua mche uliong'olewa msituni. Mama alinionyesha matuta ya mbegu zilizopandwa zikiwa mbichi, mara tu baada ya matunda kuoshwa, nyingine zikiwa zimeanza kupasua udongo. Mbegu za mtundakula zikiwa mbichi huota bila matayarisho makubwa, kwa kawaida ndani ya mwezi mmoja hivi, kwa hiyo hakuna kisingizio cha kwenda kuchimba miche katika misitu ya hifadhi kama Pugu na Kazimzumbwi, ambayo inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu na ambayo imeshapoteza miti ya kutosha kwa mkaa. Mche uliong'olewa porini, zaidi ya kuwa ni uharibifu, huwa umekatwa kutoka kwa wenyeji wake wote kwa mpigo mmoja, na mara nyingi hufa mikononi mwa aliyeununua.

Huduma baada ya mauzo ipo, lakini si ya kuitegemea sana. Kitalu hakipeleki miche nyumbani, na simu iliyoandikwa kwenye karatasi hupokelewa asubuhi tu. Nilipopiga kuuliza kuhusu majani ya mbaazi kugeuka manjano, nilijibiwa vizuri na kwa subira, na nikaambiwa nipunguze maji, jambo ambalo lilisaidia. Sikuahidiwa kubadilishiwa mche ukifa, na sidhani kuna kitalu cha barabarani kinachotoa ahadi hiyo.

Kwa mtu wa Dar es Salaam, Bagamoyo au Kibaha mwenye ua wenye mchanga na jua, ninaupendekeza mche huu kwa bei hiyohiyo ya shilingi 6,000, na ninakipendekeza kitalu hiki kuliko vile vinavyouza plamu ya Lushoto chini ya joto la Tegeta. Wakati mzuri wa kwenda ni mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, ili mche uingie ardhini masika yanapoanza na uwe na miezi ya mvua ya kujishika kabla ya Juni. Chagua mche mfupi, wenye majani yasiyo na meno na mbaazi iliyo hai pembeni yake, kisha inua kiriba na utazame chini: kama mizizi imeshatokeza kwenye matundu na kuzunguka, omba mwingine, na ukikataliwa muulize Mama mwenyewe.